Mifupa Yetu ni Amana: Elimu ya Viungo na Wazee wa Ghorofa za Michenzani

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akakisimamisha kiwiliwili chake juu ya mifupa, kisha akaivika mifupa hiyo nyama. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, kila Ijumaa inapoadhiniwa, katika majumba makubwa ya Michenzani hapa mjini Unguja wapo wazee wanaoisikia adhana waziwazi. Wana udhu, wana kanzu safi na wana hamu ya msikiti, lakini hawateremki. Kinachowazuia si uvivu wala upungufu wa imani. Ni magoti. Kati ya mzee na msikiti pana ngazi, na kila kidato cha ngazi hiyo kina malipo yake ya maumivu. Wapo wanaoteremka mara moja kwa wiki, wapo wanaoteremka siku ya kwenda hospitali tu, na wapo ambao watateremka siku watakayobebwa.

Wengi wetu tunalipokea jambo hili kwa neno moja: "Uzee." Neno hilo halikosei moja kwa moja, kwani Qur-ani yenyewe, katika Suratu Maryam, inatusimulia jinsi Nabii Zakariya (A.S.) alivyomlalamikia Mola wake kwamba mifupa yake imedhoofika na kichwa chake kimejaa mvi. Lakini Nabii Zakariya hakuishia kulalamika, aliomba na akajibiwa. Na sisi tumeamrishwa kuomba na kutafuta sababu pamoja. Kwa hiyo makala yetu ya leo inaitazama elimu ya mifupa, viungo na misuli: ni kitu gani, nani waliitafuta kabla yetu, na inatuwajibisha nini kwa wazee na watoto wetu.

Majumba yasiyo na ua

Michenzani, kama jina linavyoonesha, palikuwa mahali pa michenza. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliazimia kuibadilisha Ng'ambo, na kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki pakapangwa mji mpya wa majumba marefu. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na majumba yale yaliyotandwa pembezoni mwa barabara mbili zinazokatana yakawa makaazi ya maelfu ya watu. Aliyetoka katika kibanda cha udongo na makuti akaingia katika nyumba ya saruji yenye bomba na umeme alikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini majumba yale ni ya ngazi. Kijana aliyepewa nyumba ghorofa ya juu akiwa na umri wa miaka 30, leo ana zaidi ya miaka 80. Nyumba ni ile ile na ngazi ni ile ile. Kilichobadilika ni goti. Na maji yanapokuwa hayapandi juu, ndoo hubebwa kwa mikono au kwa kichwa, na mara nyingi mbebaji ni mwanamke.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana. Nyumba ya Ng'ambo ya zamani ilikuwa na ua. Ndani ya ua mama alipika, alifua, alianika nazi na dagaa, na jua likampata mikononi na usoni bila ya jicho la mtu kando. Ghorofa haina ua. Tutalirudia jambo hili.

Mifupa 206

Mtoto mchanga huzaliwa na sehemu za mifupa zinazokaribia 300, nyingi zikiwa bado laini. Anapokua, baadhi huungana, hata mtu mzima akabakia na mifupa 206. Kila mkono, kutoka kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27, na kila mguu, kutoka kifundo hadi vidoleni, una mifupa 26. Ukijumlisha mikono miwili na miguu miwili utapata 106, yaani zaidi ya nusu ya mifupa yote ya mwili. Na mfupa mdogo kuliko yote umo ndani ya sikio, urefu wake ni kiasi cha milimita 3 tu.

Mfupa si jiwe. Ni kitu hai, kina damu na hisia, na mwili huubomoa na kuujenga upya kila siku, kidogo kidogo, maisha yote. Ndani yake mna uboho, na humo hutengenezwa chembe za damu. Mfupa pia ni ghala: asilimia 99 ya madini ya kalsiamu mwilini imehifadhiwa katika mifupa na meno. Ghala hilo hujazwa utotoni na ujanani, na hufikia ukomo wake mtu anapokaribia miaka 30. Baada ya hapo tunatumia akiba. Kwa mwanamke, hedhi inapokatika, akiba hupungua kwa kasi zaidi, na ndiyo sababu bibi huweza kuanguka chooni anguko dogo tu akavunjika nyonga.

Juu ya mifupa ipo misuli zaidi ya 600. Msuli hauwezi kusukuma, huvuta tu, na ndiyo maana umepangwa kwa jozi: mmoja hukunja, mwengine hukunjua. Ncha za msuli hushikamana na mfupa kwa kano. Na pale mifupa miwili inapokutana na kutembea, ncha zake zimefunikwa kwa gegedu, kitu laini na chenye utelezi, kikirowekwa katika ute.

Imepokewa katika Sahihi Muslim, kwa Bibi Aisha (R.A.), kwamba mwanadamu ameumbwa na viungo 360, na katika riwaya nyengine tumefunzwa kwamba kila kiungo kinadaiwa sadaka kila siku jua linapochomoza, na kwamba rakaa mbili za dhuha zinatosheleza. Wapo wanaohangaika kuilinganisha hesabu hii na vitabu vya madaktari. Wataalamu wenyewe hawana hesabu moja ya viungo, kwa sababu inategemea kipi kiitwe kiungo. Sisi tunaona somo lililo wazi zaidi ni hili: kiungo kimoja kinachokunjika bila ya maumivu ni deni la shukurani, na shukurani ya amana ni kuitunza.

Hesabu ya ngazi

Sasa turejee kwenye goti. Vipimo vilivyofanywa kwa vyombo vilivyowekwa ndani ya magoti ya bandia vimeonesha kwamba mtu anapotembea mahali tambarare, goti lake hubeba mzigo wa karibu mara mbili na nusu ya uzito wake. Anapopanda ngazi, mzigo huzidi mara tatu. Anapoteremka huongezeka zaidi. Kwa hiyo wazee wanaposema kuteremka kunauma kuliko kupanda, hawadanganyi.

Tufanye mfano. Mtu wa kilo 70 anakaa juu ya vidato 80. Kila kidato kinalitwika goti lake zaidi ya kilo 210. Akienda msikitini mara tano na kurudi, amekanyaga vidato 800, na kila goti limebeba mzigo huo mara 400 kwa siku moja. Akizidi uzito, hesabu hupanda haraka. Utafiti juu ya watu wenye magoti yaliyolika ulionesha kwamba kila kilo 1 inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo 4 katika kila hatua.

Je, basi mzee akae kitandani? La. Gegedu haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutokana na ute unaoingia na kutoka kiungo kinapokandamizwa na kuachiwa. Kiungo kisichotembea hukosa chakula, na msuli usiotumika hunywea, nao ndio unaolishika goti lisiyumbe. Mwendo wa kiasi ndio dawa. Hata aliye juu ghorofani anaweza kukaa kitini, akaunyoosha mguu mmoja mbele mpaka goti likaze, akauzuia kwa muda wa kuhesabu kumi, akaushusha, kisha mwengine. Akirudia mara kumi asubuhi na jioni, baada ya wiki kadhaa msuli wa mbele ya paja huongezeka nguvu.

Aidha, si kila maumivu ya kiungo ni "baridi". Yapo magoti yaliyolika kwa miaka na mizigo. Ipo baridi yabisi ambayo kinga ya mwili yenyewe hushambulia viungo, huwapata zaidi wanawake, huanza mara nyingi katika vidole vya mikono, na asubuhi mikono hukakamaa kwa muda mrefu. Lipo jongo, ambalo hushika ghafla usiku, aghlabu kidole gumba cha mguu. Maradhi haya matatu yana tiba tatu tofauti. Anayenunua vidonge vya maumivu dukani mwezi baada ya mwezi bila ya kujua anatibu nini huenda akaumiza tumbo na figo zake, na goti likabakia vile vile.

Walioitafuta elimu hii

Elimu ya maumbile ya viungo, ambayo wanavyuoni wa Kiislamu waliiita tashrihi, si ngeni kwetu. Abul-Qasim az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliifanya sehemu ya mwisho ya kitabu chake At-Tasrif kuwa ya upasuaji, na ndani yake akaeleza namna ya kuunga mifupa iliyovunjika na kurudisha viungo vilivyoteguka.

Kisa kinachotuvutia zaidi ni cha Abdul-Latif al-Baghdadi (1162–1231). Mwanachuoni huyu alikuwa Misri wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1200 hadi 1202, njaa iliyoua watu wengi hata maiti zikakosa wa kuzizika. Mahali paitwapo al-Maqs palikuwa na lundo la mifupa ya watu. Abdul-Latif alikwenda akatazama. Vitabu vyote vya tiba vya zama zake, vikimfuata Galen wa Wayunani, vilisema kwamba taya la chini ni mifupa miwili iliyounganishwa kidevuni. Yeye akatazama fuvu baada ya fuvu, akawaomba na wengine watazame, naye yupo na hayupo, wote wakaona taya ni mfupa mmoja tu. Akaandika kwamba ushahidi wa macho unastahiki kuaminiwa kuliko Galen, pamoja na heshima yote anayostahiki Galen.

Tuuzingatie ujasiri huo. Kwa zaidi ya miaka 1,000 watu walinakili kosa, kwa sababu lilisemwa na mkubwa. Zaidi ya miaka 300 baada ya Abdul-Latif, mwaka 1543, Andreas Vesalius alichapisha kitabu chake cha maumbile ya mwili, naye akayasahihisha makosa mengi ya Galen kwa njia hiyo hiyo ya kutazama.

Hapa huulizwa swali: je, inajuzu kwa mwanafunzi wa udaktari kuipasua maiti ili ajifunze? Swali ni zito, kwani imepokewa kwa Abu Daud kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, lililitazama jambo hili katika kikao chake cha mwezi wa Safar 1408, sawa na Oktoba 1987. Likaruhusu kwa ajili ya uchunguzi wa jinai, kutambua maradhi na kusomesha udaktari, kwa masharti: iwepo idhini ikiwa maiti anajulikana, isizidi kiasi cha dharura, maiti ya mwanamke ishughulikiwe na madaktari wanawake ila wakikosekana, na viungo vyote vizikwe. Hukumu hiyo inatugusa hapa kwetu, kwani tangu 2007 udaktari umekuwa ukisomeshwa hapa hapa Zanzibar, mwanzo kwa ushirikiano na Cuba, na leo chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Vijana wa kike na wa kiume wanaokesha wakihifadhi majina ya mifupa wanatuondolea sote dhima ya fardhi kifaya.

Homa inayokunja watu

Mwambao wetu una maradhi yake ya viungo, na mojawapo lilipewa jina hapa hapa Tanzania. Mwaka 1952 uwanda wa Makonde, upande wa Newala, ulipatwa na homa iliyowaumiza watu viungo hata wakashindwa kusimama wima. Wenyeji wakaiita kwa Kimakonde chikungunya, kwa maana ya kinachomkunja mtu. Dunia nzima sasa inatumia jina hilo. Mwaka 2004 homa hiyo ilizuka Lamu, na uchunguzi ukaonesha kwamba takriban robo tatu ya wakaazi walikuwa wameambukizwa. Ikaendelea Mombasa, na mwaka 2005 ikafika Komoro. Homa huondoka kwa siku chache, lakini maumivu ya viungo kwa baadhi ya watu hubaki miezi, hata miaka.

Mbu anayeieneza huuma mchana, na huzaa katika maji safi yaliyotuama. Katika nyumba ambamo maji huwekwa akiba ndani ya mapipa na ndoo, pipa lisilofunikwa ndilo shamba lake. Kulifunika na kulisugua kila wiki ni kinga isiyo na gharama.

Jua, dagaa na mguu wa mtoto

Tuliahidi kurejea kwenye ua. Mwili hauwezi kuitumia kalsiamu vizuri bila ya vitamini D, na sehemu kubwa ya vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Mtoto akiikosa, mifupa yake hulainika na miguu ikapinda, na hayo ndiyo matege. Mtu mzima akiikosa, mifupa humuuma na misuli hulegea. Katika nchi za Ghuba, wanakoishi ndugu zetu wengi, upungufu huu umeenea ingawa jua ni kali, kwa sababu watu wanakaa ndani. Hakuna mgongano baina ya stara na jua. Mama anaweza kukaa mbele ya dirisha lililo wazi au kibarazani pasipo na mtu wa kando, mikono na miguu ikaota jua. Kioo kilichofungwa hakisaidii, kwani huuzuia mwangaza unaohitajika. Na chakula chetu kina baraka: dagaa huliwa pamoja na mifupa yake, vibua vina mafuta yenye vitamini D, na maziwa yana kalsiamu.

Pia wapo watoto wanaozaliwa nyayo zao zikitazamana, maradhi yanayoitwa mguu kifundo. Huwapata mtoto 1 au 2 katika kila 1,000. Si laana, si jini, wala mama hakutazama kitu kibaya. Daktari Ignacio Ponseti alionesha kwamba mguu huo hunyooshwa pole pole kwa mkono na kufungwa plasta ngumu, au hogo kama liitwavyo mitaani, ikibadilishwa kila wiki kwa wiki chache, kisha mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo, na mtoto huvalishwa viatu maalumu, hasa usiku, mpaka afikie umri wa kiasi cha miaka minne. Akianzwa mapema, wengi hutembea kama wenzao. Anayemficha ndani mtoto huyo kwa aibu anamnyang'anya miguu ambayo angeweza kuwa nayo.

Mkono wa muunga mifupa

Kuhusu kuvunjika, tunawaheshimu wazee wetu wanaounga kwa vibanzi na mafuta. Wengine wana mikono mizuri. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufunza, kama ilivyopokewa na Abu Daud, kwamba anayejitia kutibu na hajulikani kwa utabibu anadhamini madhara. Vidole vilivyo chini ya kifungo vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi au vikivimba, kifungo kimekaza mno na damu haipiti. Kifunguliwe papo hapo na mgonjwa apelekwe hospitali, kwani saa chache zinatosha kuupoteza mkono. Na mfupa uliotokeza nje ya ngozi, au nyonga ya mzee aliyeanguka, si kazi ya nyumbani. Hospitali ya Mnazi Mmoja haiko mbali na Michenzani, na kwa yaliyo mazito ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Haki ya mzee

Sheria yetu imemhurumia mgonjwa kabla ya sisi kumhurumia. Asiyeweza kusimama husali kwa kukaa, asiyeweza kukaa husali kwa ubavu. Mgonjwa amesamehewa Ijumaa, husali Adhuhuri yake nyumbani, na imepokewa kwa Bukhari kwamba huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima. Ila tunakumbusha: anayeweza kusimama lakini hawezi kusujudu, asimame kwanza, akalie kiti chake pale anaposhindwa.

Lakini msamaha wa Mola kwa mzee si msamaha kwetu. Kijana anayekaa chini na babu yake yuko juu anaweza kubadilishana naye nyumba. Wajukuu wanaweza kupanga zamu ya ndoo. Wakaazi wa jengo moja wanaweza kuchangiana chuma cha kushikia pale kilipong'oka, na taa pale ngazi ilipo na giza, kwani anguko moja la gizani hugharimu kuliko taa mia. Imamu anaweza kuchukua vijana wawili baada ya sala wakampandie mzee, wamsalimie, wamsimulie khutba. Atakayefanya hivyo amekwenda kumzuru mgonjwa, na amepanda ngazi ile kwa magoti ambayo bado yanamtii.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wazee wetu, aitie nguvu mifupa ya watoto wetu, awape elimu yenye manufaa wanaosomea tiba, na atujaalie tuvitumie viungo vyetu katika utiifu wake kabla havijadhoofika. Amin. Wallahu a'alam.